Asiyekosa Hasamehewi



Kila juma tunapima mambo mengi. Tunapima unga sokoni, tunahesabu matoleo, tunapima sauti za waimbaji ili wimbo usipotee njia. Lakini maneno ya kinywa chetu tunayaacha yapite pasipo kipimo, hata yale yanayogusa jina la mtu. Leo tunataka kupima maneno machache tu: yale tunayosema juu ya mtu aliyeshitakiwa, kisha akaonekana hana kosa. Je, amesamehewa? Amefunguliwa? Amesafishwa? Ao kuna neno lingine linalomfaa?

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho. Hatutataja kusanyiko wala jina la mtu, kwa maana wote wangali hai na tunawapenda.

Mama mmoja alikuwa mtunza sanduku la nsinsani. Siku moja hesabu haikutimia. Hakuna aliyesimama kumshitaki waziwazi, lakini minong'ono ilizunguka toka nyumba hadi nyumba. Sanduku likaondolewa mikononi mwake. Miezi mitatu akawa anaketi nyuma kabisa, karibu na mlango, wala wamama wenzake hawakumwita tena kuimba pamoja nao. Kisha daftari zikapitiwa upya, ikaonekana ya kuwa mwandishi aliandika toleo moja mara mbili. Haikupotea hata franka moja. Siku ya Bwana iliyofwata, shemasi akasimama mbele ya watu, akasema kwa furaha: "Wapendwa, jambo la mama limekwisha. Kanisa limemsamehe." Watu wakaitika Amina. Wakamwita mama aje mbele apokee mkono. Hakusimama. Aliuliza toka pale alipoketi: "Mumenisamehe nini?"

Siku ile hakuna aliyemjibu. Tunaandika maneno haya kwa sababu tunapashwa kumjibu, yeye na wengine wengi walio kama yeye.

1. Kila neno na mzigo wake

Tutazame kwanza neno kusamehe. Ni neno tamu, na pasipo hilo hakuna mmoja wetu angeweza kusimama mbele ya Mungu. Lakini neno hili halitembei peke yake. Linatembea na kosa. Huwezi kumsamehe mtu deni asilokuwa nalo. Kama jirani hajakukopa kitu, nawe ukaenda mlangoni mwake ukasema mbele ya watoto wake, "Deni lako nimekusamehe," hukumpa zawadi. Umemfanya mdeni mbele ya jamaa yake. Basi kila mara tunaposema "tumemsamehe fulani," tunasema mambo mawili kwa pigo moja: la kwanza, kwamba alikosa, la pili, kwamba sisi tuna moyo mwema. Na kama hakukosa, la kwanza ni uongo, na la pili nalo linakuwa uongo.

Neno la pili ni kufungua, ao kuachilia. Hili ni neno la mlango. Linasema kwamba kufuli imetolewa na mtu amekwenda kwake. Halisemi kwa nini. Mtu anaweza kutoka buloko kwa sababu siku zake zimetimia, ao kwa sababu jamaa yake ilitoa feza, ao kwa sababu buloko imejaa. Miguu yake ni huru, lakini jina lake limebaki ndani.

Neno la tatu ni lile la amnistia, ambalo wengi wetu katika Kivu na Ituri tunalijua vizuri kwa sababu ya vita. Leta ilitoa sheria ya namna hiyo mwezi wa pili mwaka wa 2014 kwa ajili ya matendo ya uasi na ya vita. Amnistia ni kusahau kwa amri. Serikali inasema: jambo hili hatutalifwata tena. Pengine ni lazima ili amani ipate njia. Lakini kusahau si kusema kwamba jambo halikutendeka.

Neno la ine ni kusafisha. Tunalipenda sana: "jina lake limesafishwa." Walakini tulipime vizuri. Anayeosha sahani anasema kwamba sahani ilikuwa na uchafu. Kama uchafu ulitoka ndani ya mtu mwenyewe, sawa. Lakini kama ni matope tuliyomtupia sisi, basi tuseme wazi kwamba tunaosha matope yetu. Tusimwache asimame pale akitiririka maji, sisi tumekaa pembeni na mikono safi.

Tena kuna maneno mawili ambayo tunayachanganya kila siku, kosa na hatia. Kosa linafanywa na mtu mwenyewe. Hatia inaweza kuwekwa juu yake na watu wengine. Ndiyo maana tunasema ya kuwa mtu "alitiwa hatiani," kama vile mtu anavyotiwa shimoni. Kuna watu wenye makosa ambao hawakutiwa hatiani hata siku moja. Na kuna watu wasio na kosa walioishi na hatia hadi kaburini.

2. Barabba, Yesu na Yusufu

Tufungue Injili ya Luka, sura ya 23. Pilato alitangaza mara tatu kwamba haoni kwa Yesu kosa la kumpasa kifo. Mbele ya sheria ya Kiroma, maneno yale yalitosha. Lakini Yesu hakufunguliwa. Aliyefunguliwa ni Barabba, aliyekuwa buloko kwa sababu ya fitina na uuaji. Hakuna aliyetangaza kwamba Barabba hana kosa. Mlango ulifunguliwa tu, akatoka.

Tunaona basi siku moja, mbele ya nyumba moja, mambo mawili yakitengana kabisa. Mmoja alitangazwa hana kosa lakini hakuachiliwa. Mwingine aliachiliwa lakini hakutangazwa hana kosa. Tangu siku ile mkristo hana ruhusa ya kuchanganya mlango na jina.

Yusufu naye, katika kitabu cha Mwanzo, alitiwa gerezani kwa uongo wa mke wa Potifa. Alitoka, akapanda juu sana. Lakini soma vizuri sura ya 41: alitoka kwa sababu Farao alikuwa na ndoto na alihitaji mtu wa kuifasiri. Hatusomi mahali popote ya kuwa neno la yule mwanamke lilirudishwa mbele ya waamuzi. Yusufu aliheshimiwa na nchi nzima. Na inawezekana ya kuwa katika nyumba ya Potifa, watumishi walizidi kusema mambo yale yale ya zamani. Cheo kinaweza kumnyamazisha msemaji, lakini hakimfundishi kweli.

3. Grasi ya mfalme

Sasa tuje kwetu, kwa maana sisi wana wa Kanisa hili tulizaliwa ndani ya swali hili.

Mwaka wa 1921, tarehe 6 mwezi wa ine, kazi ya Tata Simon Kimbangu ilianza kwa uponyaji wa mama mmoja mgonjwa kule Ngombe Kinsuka. Miezi mitano haikutimia vizuri, serikali ya Wabelgiji ikawa inamtafuta kwa askari. Tarehe 12 mwezi wa kenda alijitoa mwenyewe kule Nkamba. Akapelekwa Thysville, mji tunaouita leo Mbanza-Ngungu, mbele ya tribinali ya kijeshi iliyoongozwa na Kamanda de Rossi. Hakuwa na mtu wa kumtetea. Hakupewa njia ya kupeleka neno lake kwa tribinali ya juu zaidi. Tarehe 3 mwezi wa kumi alihesabiwa kosa la kuharibu usalama wa leta, akahukumiwa viboko 120 na kifo.

Wamisionari Wabatisti na wengine waliomba asiuawe. Mwezi wa kumi na moja, Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji akabadili adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Waandishi wa leta waliita jambo hili kwa neno la Kifaransa tunalolitamka grasi.

Wandugu, tusimame hapa kidogo. Neno lile lile la Kifaransa ndilo wanalotumia kanisani kwa neema ya Mungu. Wahubiri wengi wanasema "grasi ya Mungu," na ni kweli, kwa maana mbele za Mungu sisi sote tulikosa, naye anatupatia tusichostahili. Lakini mfalme si Mungu. Kumpa grasi mtu ambaye hakukosa ni kugawa kitu usichokuwa nacho. Ilimpunguzia Tata kifo, na kwa hilo hatuwezi kusema ni kitu bure: mtu hai ni bora kuliko maiti. Lakini haikupunguza hata herufi moja ya neno "mhalifu" katika daftari. Tena ililikaza. Kwa maana ukipokea grasi, umepokea pamoja nayo hukumu iliyoizaa.

Alipelekwa mbali na nyumbani, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Akakaa miaka 30 buloko, hata alipokufa tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka wa 1951, akiwa mfungwa bado. Jamaa nyingi zilihamishwa kwa nguvu kwa sababu ya kukubali ujumbe wake. Kanisa letu linahesabu jamaa 37 000. Majina ya mahali pale wazee wetu waliyajua: Lowa, Oshwe, Ekafera, Kasaji. Wengi wetu tunaosali leo kwa Kiswahili tulipokea Neno kwa kupitia watu wale waliotupwa huku kama waharibifu. Leta ilifikiri inatupa takataka, kumbe inapanda mbegu.

Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1959, serikali ya koloni ililikubali Kanisa. Mwezi wa ine mwaka wa 1960, mwili wa Tata ulitolewa Elisabethville, ukarudishwa Nkamba. Tuliimba, tulilia. Walakini kulikubali Kanisa si sawa na kuivunja hukumu ya mtu. Mwana alipewa karatasi, na baba alibaki ameandikwa mhalifu. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 50 kisha uhuru wa nchi.

4. Siku hukumu ilipofutwa

Mwezi wa saba mwaka wa 2011, miaka 90 kisha hukumu ya Thysville, Tribinali Kuu ya Kijeshi kule Kinshasa iliifuta hukumu ile. Tuangalie neno vizuri: ilifuta. Haikusamehe. Haikupunguza. Hukumu ile ilihesabiwa kama si hukumu.

Wakati ule tulisikia waamini wengine wakisema: "Sisi haitusaidii kitu. Tata wetu hakuhitaji tribinali ya watu. Mungu alimjua toka mwanzo." Tunawaheshimu wandugu hawa, na neno lao lina kweli. Kufuta hukumu hakumbadilishi aliyehukumiwa. Alivyokuwa mbele ya Mungu asubuhi ya hukumu, ndivyo alivyokuwa jioni, na ndivyo alivyokuwa mwaka wa 2011. Mtu asiye na kosa haongezewi kitu na tribinali.

Lakini wanasahau jambo moja. Hukumu ya uongo haikai juu ya mtu mmoja tu. Inakaa juu ya nchi. Kila mtoto aliyesoma shuleni ya kuwa babu zake walikuwa wafuasi wa mharibifu aliinamisha kichwa. Kila mwamuzi aliyekuja nyuma alirithi daftari ile pamoja na uongo wake. Basi, mwaka wa 2011 Tata hakusafishwa. Tribinali ndiyo iliyojisafisha. Matope yalikuwa mikononi mwa waamuzi, na ni mikono yao iliyooshwa, ijapokuwa wale wa kwanza walikuwa wamekufa zamani.

Tena tuseme kweli yote: kufuta hakurudishi. Miaka 30 haikurudi. Mama Muilu Marie, aliyelilinda kundi siku za taabu, alilala mwezi wa ine mwaka wa 1959, miezi minane tu mbele ya Kanisa kukubaliwa na leta. Hakuuona mwaka wa 2011. Tangu mwaka wa 2023, tarehe 6 mwezi wa ine ni siku ya mapumziko kwa taifa zima, kwa ukumbusho wa mapambano ya Simon Kimbangu. Tunashukuru. Lakini mtu anayefikiri kwamba siku ya mapumziko inalipa miaka 30 ya buloko, huyo hajaelewa bado uzito wa neno.

Kama kufuta hakurudishi siku, basi kuna sababu moja tu ya kukawia: hakuna. Anayejua leo ya kuwa alimhukumu mtu vibaya, akingoja kesho, anaongeza siku nyingine isiyoweza kurudi.

5. "Lakini sote ni wenye dhambi"

Hapa tunasikia jibu ambalo linatoka mara nyingi katika vinywa vya viongozi. Wanasema: "Hata kama hakuiba feza hii, ni nani asiye na dhambi? Akubali msamaha, anyenyekee, mambo yaishe." Maneno haya yanafanana na unyenyekevu. Sisi tunayaona ni hatari, kwa sababu yanachanganya tribinali mbili.

Mbele ya Mungu hakuna mtu aliye safi. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi namna mwenye dhambi anavyohesabiwa haki kwa imani. Ni siri kubwa: Mungu anamchukua mtu aliyekosa kweli, anamhesabu kama asiyekosa, kwa ajili ya damu ya Mwanawe. Hatuwezi kulipa, tunapokea tu.

Lakini mbele ya watu, swali ni lingine. Hatuulizi kama mama yule ana dhambi katika maisha yake. Tunauliza kama alichukua feza ya nsinsani, siku fulani, katika sanduku fulani. Swali hili lina jibu moja: ndiyo ao hapana. Na kama jibu ni hapana, huwezi kwenda kuokota dhambi nyingine katika maisha yake ili msamaha wako upate mahali pa kukaa. Mungu mwenyewe katika Torati, kitabu cha Kumbukumbu sura ya 19, alidai mashahidi wawili ao watatu kwa neno moja. Hakusema: kama shahidi hayuko, mhukumuni kwa kuwa ni mwanadamu.

Na pale ambapo haijulikani? Kuna mambo ambayo hatutayajua mbele ya siku ile kuu. Basi tuseme hivyo: "Hatukuona ushuhuda, kwa hiyo hakuna neno juu yake." Tusiseme "tumemsamehe" ili kubaki na kamba mkononi, tukimvuta kila mara tunapotaka.

6. Ni nani anayeomba?

Tulipochunguza Maandiko juu ya jambo hili, tulishangaa kuona njia inavyogeuka. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku nyingi wakimwambia akiri kosa lake ili Mungu amsamehe. Walisema maneno mazuri ya dini. Sura ya mwisho, Mungu aliwaambia hao rafiki kwamba hawakusema sawasawa. Akawaamuru wachukue ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, waende kwa Ayubu, naye Ayubu awaombee. Mnaona? Wale waliokuja na msamaha mkononi ndio waliohitaji kusamehewa. Na maombi yao yalipita kwa mdomo wa yule waliyemshitaki.

Angalieni pia Matendo ya Mitume, sura ya 16. Kule Filipi, wakubwa wa mji waliwapiga Paulo na Sila mbele ya watu, pasipo kuwahukumu, wakawatia gerezani. Kesho yake wakatuma watu wa chini kusema waachiliwe waende zao. Mlango ulikuwa wazi. Mtu mwingine angeshukuru na kukimbia. Paulo alikataa. Walimpiga hadharani, hakutaka kutolewa kwa siri. Aliwaambia waje wao wenyewe wamtoe. Nao wakaja, wakawasihi.

Je, Paulo alikuwa na kiburi? Hapana. Alijua ya kuwa katika mji ule kulikuwa na Lidia na ndugu wapya, na yule mlinzi wa gereza aliyebatizwa usiku ule pamoja na jamaa yake. Kama angetoka kwa siri, wao wangebaki wakiitwa wafuasi wa wahalifu. Alilinda jina la kundi.

Wazee wetu pia walijua kitu katika jambo hili. Hatusifu kiapo cha sumu, nkasa ao mwavi; kiliwaua watu wengi wasio na kosa, na Tata alitutoa katika giza ile. Lakini katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtu aliyeonekana hana kosa alipakwa pemba nyeupe, akatembea kijijini, watu wote wakamwona. Waliomshitaki walilipa. Hakuna mzee aliyefikiri kwamba inatosha kumnong'oneza, "Bwana, mambo yamekwisha." Aibu ilizunguka kijiji kizima, heshima nayo ilipashwa kuzunguka njia ile ile. Je, sisi tulio na nuru ya Injili tutafanya haba kuliko wao?

7. Mtoto aliyeitwa mchawi

Tumeacha kwa mwisho jambo linalouma zaidi. Katika miji yetu, Kinshasa, Mbuji-Mayi, Kisangani na kwingine, kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi. Baba amekufa, biashara imeanguka, mtoto anakojoa kitandani ao anaota ndoto, basi kosa limepata mwenyewe. Katiba ya nchi ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, imekataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya mwaka wa 2009 imeweka adhabu. Hata hivyo jambo linaendelea, na mara nyingi linaendelea mahali pa maombi.

Sikieni namna linavyomalizika wakati linapomalizika "vizuri." Mtoto anafungishwa chakula, anaombewa, kisha mwombezi anatangaza: "Sasa amefunguliwa. Uchawi umetoka. Ni safi." Jamaa inafurahi, mtoto anarudi nyumbani. Lakini amerudi na jina gani? Amerudi kama mtu aliyekuwa mchawi. Siku mdogo wake atakapougua, macho yote yatamgeukia. Mlango wa nyumba umefunguliwa, mlango wa jina umefungwa zaidi kuliko mbele, kwa sababu sasa kuna muhuri wa maombi juu yake.

Mtoto huyu hakuhitaji kufunguliwa. Alihitaji mtu mzima mmoja asimame mbele ya jamaa na kusema: "Tulimsingizia. Hakumuua baba yake. Baba alikufa kwa ugonjwa. Mtoto, sisi ndio tuliokukosea." Ni maneno machache, hayataki mafuta wala mfungo. Na ni magumu kuliko mfungo wa siku arobaini, kwa maana yanamshusha mkubwa mbele ya mdogo. Sisi tunaoitwa kwa jina la mtu aliyesingiziwa na tribinali ya wakubwa, tukimsingizia mtoto, tumeketi katika kiti cha Thysville.

8. Tufanye nini?

Kanisa letu linatufundisha upendo, amri na kazi. Tuyaweke mambo haya matatu ndani ya neno hili.

Upendo unatutaka tuache kumpa msamaha mtu asiyekosa, hata kama tunampenda. Zawadi isiyofaa ni mzigo. Amri inatutaka tuseme kweli kwa maneno yake yenyewe: "Hakufanya." Neno hili fupi halina tajo la wema wetu, ndiyo sababu linatutoka kwa shida. Na kazi inatutaka tupeleke neno lile mahali pote ambapo uongo ulifika. Kama tulilisema katika maombi ya asubuhi, tulirudishe katika maombi ya asubuhi. Kama tulilipeleka kisimani, twende kisimani. Kama tuliandika katika daftari, tuandike tena, tutie na tarehe.

Kisha tuombe msamaha sisi. Na hapa tukumbuke ya kuwa aliyesingiziwa halazimishwi kuutoa siku ile ile. Tulimpa miezi mitatu ya aibu, tusimhesabie dakika.

Yule mama wa nsinsani, habari yake haikuishia pale. Juma mbili zilipita. Siku ya tatu ya Bwana, shemasi alisimama tena, na safari hii hakucheka. Alisema: "Nilisema neno baya mahali hapa, ninalirudisha mahali hapa. Mama hakuchukua feza. Daftari yetu ndiyo iliyokosa, na midomo yetu. Hatukumsamehe kitu. Sisi tunamwomba yeye atusamehe." Kanisa likanyamaza. Mama akasimama. Hakusema hotuba, aliinua kichwa tu, akaenda kuketi pamoja na waimbaji, mahali pake pa zamani.

Walipotaka kumrudishia sanduku, alikataa. Alisema wampe mwingine. Wengine walisikitika wakidhani ya kuwa bado ana kinyongo. Sisi hatudhani hivyo. Tunadhani alitufundisha somo la mwisho: mtu anaweza kurudishiwa jina lake, na asirudi kuwa yule aliyekuwa mbele ya kuchukuliwa. Hilo ni deni letu kwake. Tulibebe pasipo kunung'unika, na tuwe wazito wa kushitaki, wepesi wa kurudisha.

Bwana atupatie ulimi wenye kipimo, na uhodari wa kusema "tulikosa" mbele ya wale waliosikia tukisema "alikosa." Amina.